Kisichopiga Hodi

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
4 Februari 2024

Mjomba Mwinyimvua,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binamu yangu Salma na watoto wake. Sisi huku hatujambo. Goti la mama bado linamsumbua, ila halimzuii kugombana na wapangaji wa juu kuhusu maji. Anakusalimu. Anasema kaka yake wa pekee alihamia Lindi miaka mitatu iliyopita na hajarudi hata kwa harusi, na kwamba yeye hasemi kitu. Amesema hivyo mara nne tangu nianze kuandika.

Nimekupigia simu tangu mwaka mpya bila mafanikio. Salma anasema simu yako ilidumbukia kwenye ndoo ya maji na hutaki nyingine. Ndiyo maana nakuandikia barua na kumpa kondakta wa basi, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Nilipokwenda kununua bahasha, muuzaji aliniuliza ni ya mchango wa harusi au wa msiba.

Sasa nije kwenye shida yangu. Unajua kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Nimezihariri mpaka nikiona keki kichwa kinauma. Nataka nitengeneze filamu moja ambayo ni yangu, na nataka iwe ile hadithi uliyoiandika kwenye daftari la bluu ukaliacha kabatini kwa mama. Kitu kimelala chini ya Shimoni, ile ghorofa ya chini ya ardhi ya soko letu, kikubwa kuliko mji, na kimekuwepo kabla ya watu. Hakituchukii. Hakijui hata kama tupo. Kinapojigeuza usingizini, mtu fulani mtaani anasikia mlango wake ukigongwa mara tatu bila hodi. Anayefungua hafi. Anakaa tu kwenye kiti, na hasemi tena mpaka mwisho wa maisha yake.

Ulinisimulia nikiwa na miaka saba. Mpaka leo, ndani ya nyumba hii, asiyepiga hodi hafunguliwi. Mwezi uliopita msoma mita aligonga nusu saa, akaandika kwamba nyumba haina watu. Mama alikuwa sebuleni anakitazama kivuli chake chini ya mlango.

Bwana Elieshi, anayeuza televisheni Mtaa wa Aggrey, atanipa ghala lake la juu tuonyeshee filamu, pamoja na projekta. Ana sharti moja: hicho kitu kionekane. "Dada, mimi nauza televisheni," ameniambia. "Mtu hanunui televisheni asione kitu."

Nakuomba ruhusa ya hadithi, na nakuomba sauti yako. Miaka kumi na tano ulisimama pembeni ya televisheni kwenye kibanda umiza cha video, kipaza sauti mkononi, ukiwatafsiria watu wa Kariakoo filamu za nje. Watu wa makamo hapa mtaani bado wanaiulizia ile sauti. Bila wewe sina filamu.

Mpwa wako,
Sitara

* * *

Lindi,
1 Machi 2024

Mpwa wangu Sitara,

Marahaba, mwanangu. Barua imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Kondakta huyo ni mtu anayejisikia nyumbani popote. Sisi wazima. Salma anafundisha, wanawe wanarefuka, na mbuzi wa jirani amekula shati langu la Ijumaa kwenye kamba. Ramadhani inakaribia, tutaingia nayo nikiwa na shati moja. Mwambie mama yako nimesikia kwamba hasemi kitu.

Hadithi chukua. Sauti hapana, nimestaafu. Usinipigie kwa simu ya Salma pia, haisikiki vizuri. Barua inatosha, na ina heshima.

Lakini nikueleze jambo moja umpelekee huyo Bwana Elieshi. Mwaka 1991 tuliletewa kanda ya filamu ya kutisha kutoka nje. Sikuitazama kwanza, kosa tulilolifanya watafsiri wote, maana deki ya video ilikuwa moja na ilikuwa kazini kutwa. Dakika ya ishirini, jamaa anafungua mlango wa pango, picha ikakatika. Zikabaki chenga tupu, vidoti vyeupe vinavyochemka kwenye kioo. Kibanda kimejaa, mwenye kibanda keshaondoka na kiingilio. Nikaendelea kutafsiri. Dakika arobaini nilitafsiri chenga. Niliwaambia kanda ni nzima, hicho ndicho kitu chenyewe, ndivyo kilivyo, macho yetu ndiyo yanayoshindwa kukipokea. Hakuna aliyetoka. Kuli mmoja wa Shimoni, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mkupuo, aliniomba nimshike mkono huku naendelea.

Wiki iliyofuata tukapata kanda nzima. Kitu chenyewe kilikuwa mzungu ndani ya gunia la kijani. Watu walicheka, halafu wakanilaumu mimi kwamba nimewaharibia filamu.

Hadithi hiyo unayoitaka ilizaliwa kwenye zile chenga. Usikionyeshe hicho kitu.

Mjomba wako,
Mwinyimvua

* * *

Kariakoo,
20 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo, na Idd Mubarak ya kuchelewa. Mvua huku haikatiki. Mtaa wetu umekuwa mto, na vijana wanavusha watu kwa mkokoteni kutoka duka mpaka duka. Mama alifunga zote na goti lake hivyo hivyo. Anauliza kwa nini hukupiga simu hata siku ya Idd, maana hata watu wasiopatana hupigiana siku hiyo. Nimemwambia habari ya ndoo. Akasema ndoo hiyo ina mambo.

Nimekionyesha. Najua ulichosema, usinune. Bwana Elieshi hataki kusikia habari za chenga. Anasema ndizo zinazomrudishia wateja dukani na televisheni mikononi.

Basi nilikwenda Mchikichini kwenye mitumba, nikachagua makoti kumi na moja ya manyoya, yale ya baridi ya Ulaya ambayo hakuna anayejua kwa nini huja Dar es Salaam. Tukayashona pamoja, ndani yake akaingia Uledi, yule mrefu anayeniendeshea kamera za harusi. Alidumu dakika sita kabla hajazirai kwa joto. Zile dakika sita nikawaonyesha majirani. Kitu kilipotokea gizani, kwanza kimya. Nikafurahi. Halafu mama mmoja akauliza lile koti la kahawia kushoto ni shilingi ngapi.

Nikamwendea Allan, kijana wa kompyuta, akanichorea kingine. Hicho hakina manyoya. Kina mikono minane inayonyumbulika, kinatoka Shimoni kinameremeta. Allan ameniambia duniani kote vitu vikubwa kutoka nje ya ulimwengu huchorwa na mikono ya namna hiyo, watu wanaviogopa sana. Labda huko kwao. Mjomba, hawa ni watu wanaosimama barabarani kila jioni wakichovya kipande cha pweza kwenye pilipili kwa kijiti cha meno. Tulipokionyesha ghalani, kikajinyoosha juu ya soko, watu wote wakaanza kunusa. Mama alisema huyo ni wa kupika na nazi, akichomwa atakakamaa.

Sauti yako, mjomba. Dakika nne tu. Nakuja na kinasa sauti mpaka Lindi ukitaka.

Sitara

* * *

Lindi,
29 Juni 2024

Mpwa wangu Sitara,

Salamu nyingi. Barua yako ya Aprili nimeijibu leo kwa sababu nilikuwa safarini. Idd ya kuchinja ilipita salama. Mbuzi wa jirani hayupo tena, na sisi hatukuhusika. Kwa mwandiko huu utaniwia radhi, mkono umechoka kidogo.

Usije Lindi. Nyumba ina ukarabati.

Habari ya pweza nimeisoma mara tatu. Mama yako ni mhakiki bora wa filamu kuliko wote niliowahi kukutana nao. Yeye amekwambia kitu ambacho Allan hakijui. Mtu haogopi umbo. Umbo likishaonekana, atalipima, atalipa jina, mwisho atalipikia. Kinachotisha katika hadithi yetu ni kuwa mdogo kiasi kwamba hata hukanyagwi kwa makusudi. Sasa udogo utaupigaje picha? Kwenye daftari ni rahisi. Niliandika "ni kikubwa kuliko mji," na msomaji akakijenga mwenyewe, kila mmoja cha kwake. Kamera haijui kusema "kikubwa kuliko mji." Inajua kukuonyesha gunia la kijani tu.

Pale kibandani watu hawakutazama chenga. Walinitazama mimi. Kwa hiyo igeuze kamera. Piga picha za nyuso za wanaokiona, mchuuzi, mpika chai, mwenye mkokoteni, wamesimama wanakitazama na sisi hatukioni.

Mengine sina.

Mwinyimvua

* * *

Kariakoo,
25 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Goti la mama limepata nafuu, na wapangaji wa juu wamehama, hivyo ana nafasi kubwa ya kuniuliza maswali kukuhusu.

Nyuso zimekubali. Nilisimama na kamera juu ya kibaraza, nikawaambia watu wa mtaani watazame juu ya paa la soko bila kusema. Watu mia mbili, mjomba, na mizigo yao kichwani, kimya. Waliokuwa hawajui kinachoendelea nao wakasimama wakatazama. Trafiki mmoja alitazama dakika nzima, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kuna nini?" Hata mimi nilihisi baridi.

Bwana Elieshi ameiona, akasema sawa, kisionekane, lakini basi kisikike. Kama hakuna picha awepo mtu wa kuwaambia. Nimemjaribu mtafsiri kijana anayevuma sasa hivi. Anapiga kelele kuanzia mwanzo. "Oyaaa! Cheki mnyama huyo!" Anaeleza kila kitu, mpaka uzito wa kitu. Watu walicheka, wakala bisi.

Tumetangaza, tarehe ni 21 Septemba, Jumamosi saa kumi alasiri. Ikifeli narudi kwenye keki, na Elieshi hatanipa ghala tena.

Sitaki kukukosea adabu. Lakini umenifundisha kutisha watu tangu nina miaka saba, na sasa nakuomba kitu kimoja unaniambia ukarabati. Kama nimekuudhi niambie. Kama hunipendi tena niambie hilo pia.

Kuna jambo jingine. Bi Sofia wa mtaa wa pili anasema alikuona mwanzoni mwa mwezi wa tano, Upanga, umejifunga kitambaa shingoni, Salma amekushika mkono. Mama amemkatalia palepale. Amesema Mwinyimvua hawezi kukanyaga Dar asile chakula kwangu. Bi Sofia akasema labda macho yake. Mama hakuonja kitu siku hiyo.

Sitara

* * *

Lindi,
30 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Mikorosho imeanza kutoa maua. Nakuletea kilo mbili za korosho za msimu uliopita. Mpe mama yako nusu ya kwanza, iliyo juu.

Katika nusu ya chini kuna kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, nimeifunga kwenye nailoni. Ina sauti, dakika nne kamili. Iweke pale watu wanapotazama juu, uondoe sauti nyingine zote, magari, ndege, muziki. Isipunguzwe wala isiongezwe. Usimwombe Allan aitie mwangwi.

Usiniulize nimeipata wapi. Bi Sofia amevaa miwani miaka thelathini sasa.

Sijakuchukia, Sitara. Hilo liandike mahali ulione kila siku.

Mwinyimvua

* * *

Kariakoo,
24 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Korosho zilifika.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu unastahili kujua kazi yako imefanya nini. Ghala lilijaa, tuliziba madirisha kwa maboksi ya televisheni. Watu walikuja na bisi, na vijana wawili walikuja mahususi kucheka, walikuwepo siku ya pweza. Mlango ukagongwa kwenye filamu, mara tatu, wakaguna. Halafu zikaja nyuso, watu mia mbili wanatazama juu, na ikaingia ile sauti yako.

Sijawahi kusikia kitu cha namna ile. Hewa inaingia mahali pembamba, penye majimaji, mara mbili kwa ufupi, halafu mara moja ndefu. Inatulia. Unadhani imekwisha. Inaanza tena. Hakuna neno hata moja. Kufika dakika ya pili hakuna aliyekuwa anatafuna. Wale vijana walishikana mikono, na sina hakika kama wanajua. Kwenye dakika ya tatu Bwana Elieshi aliinuka akawasha taa mwenyewe, filamu ikiendelea, akasema anatafuta funguo. Funguo zilikuwa mkononi mwake.

Kwa hiyo imefaulu. Watu wanaiulizia, na Elieshi anataka tuionyeshe kila Jumamosi mpaka mwaka uishe. Kuna mtu ameniuliza ile mashine ya sauti tumeikodi wapi.

Lakini mama alikuwa mstari wa mbele. Wengine wote wametazama juu, wanaogopa. Mama alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza, na machozi yanamtoka. Nikamfuata. Akaniambia, "Huyo ni kaka yangu." Nikamwambia mama, hiyo ni sauti tu ya kutisha. Akasema, "Utotoni nimelala kitanda kimoja na Mwinyimvua miaka tisa. Anavuta mbili fupi halafu moja ndefu. Huyo ni kaka yangu, na pumzi haipiti puani wala mdomoni. Mmemfanya nini?"

Nikampigia Salma palepale ngazini. Nimejua yote. Uvimbe wa kooni, sauti ilivyokuwa inakukauka tangu mwaka jana, na kwamba hakuna simu iliyowahi kuanguka kwenye ndoo. Wamekutoa koo la sauti, unapumulia tundu shingoni. Wiki tano ulilala hospitali hapahapa Dar es Salaam, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu kutoka mlango wetu, na mimi siku hizo nilikuwa Mchikichini nashona makoti.

Nimekasirika, mjomba. Nimewaogopesha watu sitini kwa pumzi ya mjomba wangu, na nilikuwa nimesimama nyuma ya projekta nafurahi.

Mama hajasema kitu. Safari hii kweli hajasema.

Sitara

* * *

Lindi,
10 Oktoba 2024

Mpwa wangu Sitara, na wewe dada yangu Kuruthumu, maana najua unasomewa,

Sisi wazima, isipokuwa mimi, na hilo mnalijua.

Nilichelewa kujibu kwa sababu barua hii niliichana mara tano. Nilipotoka hospitali nilisikia pumzi yangu usiku kwa mara ya kwanza, nikadhani kuna mtu chumbani. Nilikaa kitandani namtafuta. Ilinichukua muda kujua kwamba ni mimi. Ndipo nikasema, kama imenitisha mimi mtafsiri wa miaka kumi na tano, itawatosha Kariakoo. Sitara, hukunidhalilisha. Ulikuwa umeomba sauti yangu na hiyo ndiyo niliyobaki nayo. Nilifurahi sana kwamba kuna kazi inaifaa.

Kuruthumu, nilikuficha kwa sababu niliogopa. Sikuogopa kufa. Niliogopa uniangalie shingoni. Mtu aliyekula kwa sauti yake maisha yote, anakaa mbele ya dada yake anaandika kwenye kikaratasi kwamba anaomba chumvi. Na kazi yangu ilinifundisha kwamba kitu kikifichwa vizuri ndipo kinapokuwa na nguvu. Sasa nimeona nguvu hiyo imefanya nini. Kwenye filamu inafaa. Kwa ndugu haifai. Nisamehe. Nililala kilomita mbili kutoka kwako nikisikia adhana uliyokuwa unaisikia wewe, na sikukuita.

Mimi sijui kitu kilicho chini ya Shimoni kina ukubwa gani. Hiki changu ni kidogo, kinaenea chini ya kitambaa. Mkishakiona mtakizoea. Mtakipa jina, nakufahamu Kuruthumu, mwisho utakipikia. Nataka hivyo. Nameza polepole, lakini nameza, na pweza wa nazi akilainika vizuri anapita.

Sitara, endelea kuonyesha filamu, dakika zote nne. Ila siku nikiwa ghalani nitakaa nyuma, watu wasisikie pumzi inatoka sehemu mbili.

Salma ananikatia tiketi ya Jumamosi, tarehe 19. Nitafika kwenu kama saa kumi alasiri. Kuna shida moja, na nimeitengeneza mwenyewe miaka mingi iliyopita kwa mdomo wangu. Siwezi kupiga hodi.

Nitagonga mara tatu. Nawaomba mfungue.

Mwinyimvua